Saa inasema presha iko poa, je niache dawa?

Shikamoo Sista. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Mbeya, nina miaka 52, kazi yangu ni viazi, nanunua mashambani kule Uporoto nauza kwa magunia Uyole na mengine yanaenda Dar. Sijawahi kuandika ila leo imebidi maana nyumbani tumeshaanza kugombana kwa sababu ya saa.

Iko hivi. Mwezi wa kwanza kijana wangu anayekaa Dar alinitumia saa janja kwa basi, akasema baba vaa hii itakulinda, maana anajua bibi yake, yaani mama yangu, alianguka na kiharusi, na mimi mwenyewe 2021 nilikutwa na presha 168 kwa 102 nikaanzishiwa dawa za aina mbili za kumeza kila siku. Aliinunua Kariakoo, anasema haikufika hata elfu arobaini. Na ina kila kitu Sista, mapigo ya moyo, presha, oksijeni, usingizi, hatua, mpaka sukari, unagusa kioo inazunguka zunguka kidogo jibu hilo hapo.

Sasa tangu nimeivaa presha yangu inakuja 118 kwa 76, kesho 121 kwa 79, haijawahi kuvuka 125 hata siku moja, hata ile siku lori lilikwama njiani na mvua inapiga na magunia themanini yananyeshewa na dereva hapokei simu, nikapima pale pale ikasema 119. Nikajiuliza, kama presha ndo hii dawa nameza za nini? Na moja wapo inaniamsha usiku kwenda kukojoa. Basi nikaanza kuruka, nameza leo naacha kesho, na sasa ni kama wiki tatu nameza Jumapili tu kwa sababu siku hiyo mke wangu, mama Tusa, yupo nyumbani ananiangalia.

Kinachonisumbua mimi ni mapigo. Saa nane za usiku nikiamka nakuta imeandika 51, naogopa naona moyo unataka kusimama, nanyanyuka natembea tembea sebuleni mpaka ifike 80 ndo narudi kitandani. Mke wangu anasema iko siku ataitupa chooni. Asubuhi za baridi hizi za mwezi wa sita wa saba inaandika vistari tu haisomi, na kuna siku nilikuwa nalima kibustani changu taratibu kabisa ikaandika 150 nikaacha jembe nikakimbilia ndani. Mazoezi nafanya, hatua zangu kwa siku hazipungui elfu kumi na mbili, ingawa siku hizi nikipandisha ile njia ya nyumbani huku juu upande wa Loleza kifua kinabana kidogo, ila nadhani ni gesi na umri, maana nikisimama pale kwa mama wa maandazi dakika mbili tatu kinaachia naendelea na safari. Pia nalala masaa sita mabovu sana, saa inanipa alama 58.

Kuna jamaa yangu sokoni ana saa ya bei mbaya, ile ya Marekani, anasema hiyo inakuambia moyo utapata shida hata kabla haujapata. Maswali yangu ni mawili Sista: naweza kuacha dawa moja kwa moja? Na je nijichange ninunue kama ya jamaa ili niwe najua mapema?

Mzee wa Viazi, Mbeya

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hiyo ya kuzunguka sebuleni saa nane usiku unauongezea moyo spidi nimeipenda. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu we mfanyabiashara wa viazi unajua vizuri viazi vibovu vinawekwa wapi kwenye gunia, katikati, juu vizuri chini vizuri. Na wewe umenifanyia hivo hivo. Umeweka juu habari za usiku, chini habari za usingizi, na katikati hapo ukanipitishia kwamba kifua kinabana ukipandisha kilima na kinaachia ukisimama.

Hiyo ndo barua yako. Hayo mengine tutayafikia.

Miaka mingi nimekaa kwenye chumba cha dharura, na kila mwanaume wa umri wako aliyenieleza kifua chake kwa maneno hayo alianza na gesi. Mdogo wangu, gesi ipo na inabana kweli, lakini gesi haina ratiba, haiji kila ukipandisha mlima na kuondoka kila ukifika kwa mama wa maandazi. Kinachofuata ratiba hiyo ni moyo. Moyo nao una mishipa yake midogo ya kuulisha, hiyo ikianza kujaa mafuta na kupungua upenyo, ukiwa umekaa damu inayopita inatosha, ukianza kupanda moyo unadai zaidi na mfereji hauwezi, basi unalalamika kwa kubana. Ukisimama dai linashuka, kifua kinaachia, na wewe unaona umepona. Madaktari wanaita anjaina. Sisemi ndo unayo, inaweza ikawa kitu kingine, ila mtu wa miaka 52 mwenye presha ambayo haimezewi dawa hatakiwi kukaa nyumbani anakisia.

Kwa hiyo kesho asubuhi, na sio kesho ya baada ya mzigo wa Jumatano, unaenda hospitali. Rufaa ya Kanda hapo mjini au hospitali yoyote yenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Kilima cha kurudi nyumbani unapanda kwa bajaji mpaka uambiwe vinginevyo. Ukikaa mbele ya daktari usianze na saa na usianze na gesi, sema kama ulivyoniandikia mimi, kinabana nikipanda, kinaachia nikisimama, kimeanza lini, na siku hizi kinakuja mapema zaidi kuliko mwanzo au bado ni pale pale. Halafu ukipimwa ECG umelala kitandani ikatoka nzuri usishangilie ukaondoka, ECG ya mtu aliyelala inaweza kuwa safi kabisa wakati mlimani mambo ni mengine, uliza kama unahitaji eko, yaani ultrasound ya moyo, au kile kipimo cha kutembea kwenye mashine huku wanaangalia moyo. Wakiona inabidi wanaweza kukuandikia rufaa mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar, hapo usianze kuhesabu magunia.

Na kabla hujaenda, hili mwambie na mama Tusa: kifua kikibana ukiwa umekaa tu, au umesimama dakika tano zimepita na bado, au kinabana na jasho la baridi linakutoka, pumzi inakata, maumivu yanakimbilia mkono au taya, hapo hakuna cha kesho asubuhi. Ni kutafuta gari muda huo huo, na usiendeshe mwenyewe. Usiangalie saa kwanza. Narudia usiangalie saa, kwa sababu itakuandikia 88 na kijani na wewe utakaa chini kusubiri chai.

Sasa dawa. Jibu ni hapana, usiache, na ulivyoziacha umefanya kosa ambalo kosa lenyewe hutalisikia mwilini, presha haiumi, mama yako nae nina hakika asubuhi ile alikuwa anaongea vizuri tu. Hospitali nenda na pakiti zako zote, wapimwe mkono wako kwa mashine ya kufunga na kupuliza, na waambie ukweli kwamba wiki tatu umekuwa ukimeza Jumapili Jumapili, usione aibu tumeshasikia makubwa kuliko hayo. Wakuambie unarudi kwenye dozi vipi. Usijilipizie kwa kumeza za wiki nzima kwa pamoja, nasema kwa sababu watu wanafanya. Na hiyo ya kukuamsha usiku inawezekana ni muda tu unaoimezea, dawa za kupunguza maji mwilini wengi tunawaambia wameze asubuhi, uliza hilo, tatizo la muda mrefu linaweza kuisha kwa sentensi moja.

Turudi kwenye 118 kwa 76. Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja na saa ya aina hiyo hiyo, bei hiyo hiyo, nikaichukua nikaifunga kwenye ndizi. Ndizi mbichi ya Tukuyu, nene, iko mezani jikoni. Nikabonyeza. Ikazunguka zunguka, taa ya kijani inawaka pale chini kwenye ganda, ikatoa mapigo 74, presha 117 kwa 75. Nikaihamishia kwenye chupa ya chai, 120 kwa 78. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini, mimi nikamwambia hii ndizi ina afya kuliko babu yako.

Presha halisi inapimwa kwa kuubana mshipa mpaka damu isimame, halafu unaachia taratibu unasikiliza inaanza kupita kwenye namba ngapi. Saa yako haibani chochote. Inachukua mapigo na kukisia, na nyingi za bei hiyo zinakisia namba ya mtu mzima mwenye afya. Kuna saa chache za kweli, Huawei wanazo ambazo mkanda wake unajaa upepo na kubana kifundo cha mkono, na Samsung wana za kwao ambazo inabidi uziseti kwa mashine ya mkononi na kurudia kila baada ya wiki nne, yaani hata hao wenyewe wanakuambia bila ile mashine ya kawaida hawajui presha yako. Halafu we mwenyewe ushahidi umeshaniletea, presha ambayo haipandi magunia themanini yakiwa yananyeshewa na dereva hapokei simu hiyo sio presha ya binadamu.

Sukari ndo usiseme kabisa. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Huko Marekani. Sasa ya elfu arobaini ya Kariakoo imejuaje?

Mapigo ya moyo ndo kidogo inajitahidi, hapo nisiionee. Ile taa ya kijani inamulika ngozi, damu inameza rangi ya kijani, kila moyo ukipiga damu inaongezeka kidogo kwenye mshipa na mwanga unaorudi unapungua, saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka. Ukiwa umetulia, mkanda umekaza kiasi, mkono una joto, inapata. Sasa wewe uko Mbeya mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi, mwili ukipata baridi unarudisha damu ndani kulinda viungo, ngozi ya mkono inabaki kama ya kuku aliyenyonyolewa, saa inamulika haioni damu inaandika vistari. Hujafa. Vaa sweta mikono mirefu, shika kikombe cha chai, itasoma. Na ile 150 ya bustanini, jembe likishuka mkono unatikisika, likipanda unatikisika, saa inachanganya mtikisiko na mapigo ikahesabu jembe badala ya moyo. Ikikushtua hivo weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu sekunde thelathini zidisha mara mbili, kipimo hicho hakijawahi kuhitaji chaji.

51 saa nane usiku pia acha nayo. Tunasema 60 mpaka 100 kwa mtu mzima aliye macho na ametulia, usingizini moyo unapunguza mwendo, hamsini na kitu wengi wanafika na hawana tatizo. Ungekuwa na hiyo 51 mchana na kizunguzungu, macho yanaingia giza, au unazimia, hiyo ni habari nyingine na mwambie daktari, pia mwambie kwa sababu kuna dawa za presha zenyewe zinapunguza mapigo. Lakini kuamka kwenda kuangalia namba kunakuamsha kuliko hata kile kidonge, halafu asubuhi saa hiyo hiyo inakupa alama 58 ya usingizi. Ivue ukilala, iweke sebuleni.

Hatua elfu kumi na mbili, mhm. Unaendaje mashambani Uporoto, sio kwa bodaboda kwenye mashimo? Mashimo nayo yanahesabiwa. Na hiyo elfu kumi ambayo kila mtu anaitafuta ilianzia kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani 1965, ilikuwa biashara kabla haijawa afya. Kutembea ni kuzuri sana, ila kwa sasa subiri daktari.

Haya, saa ya jamaa yako. Hajadanganya, amechanganya. Chuo cha Stanford walifanya utafiti kwa saa za Apple, watu zaidi ya 419,000, majibu yakatoka 2019. Walikuwa wanatafuta kitu kimoja, moyo unaopiga bila mpangilio, mara haraka mara unaruka, ambao damu inaweza kuganda ndani yake bonge likapanda kichwani ikawa kiharusi. Hapo saa inasaidia kweli kwa sababu mtu anaweza kuwa nayo na asisikie kitu. Walioshtuliwa na saa walikuwa 2,161 tu, baadhi yao wakatumiwa kibandiko cha kufunga kifuani cha kuhakikisha, waliokirudisha kikapimwa ni 450, na kati yao asilimia 34 ndo walionekana nayo, ingawa ugonjwa wenyewe unakuja na kuondoka kwa hiyo wengine inawezekana kibandiko kiliwakosa. Kwa hiyo saa nzuri ikikuambia mapigo hayana mpangilio, nenda ukapime. Ikinyamaza haijakuambia chochote kuhusu mishipa inayolisha moyo, na mishipa ndo wasiwasi wangu kwako. Hata zile zenye ECG ndani wenye kampuni wanaandika wazi kabisa kwamba haiwezi kugundua shambulio la moyo. Inaangalia kupitia upande mmoja, kidole na kifundo cha mkono, wakati sisi hospitali tunakubandika vibandiko kumi tunauangalia moyo kwa pembe kumi na mbili, na bado nimekuambia hapo juu hata hiyo peke yake inaweza isione.

Kujua mapema kupo, ila hakuvaliwi mkononi. Shirika la Afya Duniani wana chati, walizirekebisha 2019, zina rangi rangi, zipo mpaka za kanda yetu, unaweka umri, mwanaume au mwanamke, unavuta sigara au huvuti, una kisukari au huna, lehemu (kolestro) ngapi, presha ya juu ngapi, kinatoka kiasi cha hatari yako kwa miaka kumi ijayo. Kama hakuna maabara kuna ya kutumia uzito na urefu. Karatasi moja, daktari anakupigia hesabu dakika mbili. Ila chati hiyo ni ya mtu ambaye bado hana dalili, wewe unayebanwa kifua umeshavuka foleni hiyo, unataka vipimo.

Kwa hiyo hela ya saa ya jamaa usijichange. Kanunue mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, sio ya kifundo cha mkono, hakikisha mkanda unakutosha maana wewe mbeba magunia mkono wako sio wa karani, na siku ya kwanza ipeleke hospitali uilinganishe na yao. Unakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, hujavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa nyuma, na umeshakojoa. Unapima mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, unaandika kwenye lile daftari la mzigo, ukurasa wa nyuma. Nyumbani ikiwa inakaa 135 kwa 85 au zaidi siku nyingi, dawa hazijatosha na daftari ndo litaongea na daktari.

Saa usiitupe na mama Tusa asiitupe chooni, vyoo vyenyewe vikiziba ni gharama. Ivae mchana. Kitu kimoja itakufaa, mapigo yako ukiwa umetulia yanazoea namba fulani, tuseme 68, ukiona siku tatu yanakaa 80 bila sababu unajiuliza kuna nini, homa inakuja, hujalala, au juzi mlikaa kwenye komoni, pombe ya jioni inaonekana kwenye mapigo mpaka alfajiri, wanaobisha nawaambia vaeni muone. Na kijana usimgombeze, amekupa kwa upendo na hofu ya yaliyompata bibi yake, mwambie tu akitaka kutuma kitu kingine kwa basi atume hiyo mashine ya mkono.

Ukitoka hospitali niandikie walichosema, walikupima nini, na wamekupa dawa zipi. Namba za saa usiniletee.

Sista